Mlango wa Ghorofa ya Nane

Mama mdogo alishuka melini akiburuta masanduku mawili, moja lake, moja la mdogo wangu. Mimi, baba na mama tulikuwa tumesimama nyuma ya kamba katika ukumbi wa abiria pale bandarini. Habari tulikuwa nayo tangu siku mbili kabla, kwa simu, lakini habari ya namna ile haikuingii kwa mara moja. Baba alikuwa anachungulia nyuma ya mama mdogo, na hata alipotufikia na kusimama mbele yetu, aliendelea kuchungulia, kama vile Chiriku amechelewa tu kwenye foleni ya kugonga pasipoti.

Chiriku ni jina la nyumbani. Mdogo wangu alianza kuongea kabla ya kutembea, na tangu hapo hakuweka nukta. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, na tulikuwa tukiwahurumia mapema wanafunzi wake.

Baba ni fundi wa vitasa. Duka letu ni chumba kimoja kinachotazama barabara: kaunta, jiliwa la kubania vyuma, mashine ya kuchonga funguo, na ukuta mzima wa funguo ambazo bado hazijakatwa meno. Mimi ndiye mkubwa, na mashine ndiyo kazi yangu. Chiriku alikuja pale kila akitoka chuo, kupiga soga na wateja, na kwa kuwa wateja walimwita baba "Fundi", na yeye akamwita hivyohivyo. Baba alijifanya kuchukia.

Safari ilikuwa ya mama mdogo. Ni mdogo wake mama wa kuzaliwa naye, mkunga aliyestaafu baada ya miaka thelathini na moja kazini. Hana mume wala mtoto, ingawa nusu ya watoto wa mtaa walipitia mikononi mwake, mimi na Chiriku tukiwamo. Siku aliyokabidhi funguo za wodi alitangaza kwamba anataka kwenda mahali ambapo mtu mwingine atamtandikia kitanda. Maisha yake yote, alisema, amewaambia wanawake wenzake wasukume. Sasa na yeye asukumwe kidogo. Akachagua meli kubwa ya watalii, siku nane baharini, akamwomba mama ampe Chiriku awe mtu wa kucheka naye. Baba alikataa siku mbili. Siku ya tatu Chiriku aliketi kwenye kaunta tangu asubuhi akamchosha kwa maneno, mpaka mzee akakubali ili apate kufanya kazi yake.

Kilichotokea, kama tulivyokuja kukijua, ni kidogo mno. Siku ya sita, asubuhi, mama mdogo na Chiriku walikunywa chai chumbani kwao, ghorofa ya nane. Saa tatu na robo mama mdogo alikwenda saluni ya meli kusukwa. Saa tatu na dakika thelathini na moja kamera ya korido ilimwona Chiriku akitoka chumbani, gauni la njano, taulo begani, simu mkononi. Akapinda kona kuelekea kwenye ngazi. Kamera ya ngazi ilikuwa mbovu. Hakuna kamera nyingine iliyomwona wala mtu aliyesema amemwona, na meli ilikuwa na watu zaidi ya elfu mbili, na jua lilikuwa linawaka.

Mama mdogo alimngoja kwenye chakula cha mchana. Akamtafuta kwenye bwawa, kwenye maduka, kwenye ukumbi wa sinema. Saa nane akaenda kutoa taarifa, na kijana wa mapokezi akamwambia mabinti wa umri huo hupata marafiki wapya. Saa tisa ndipo walipoanza kutangaza jina lake kwa vipaza sauti. Walipekua vyumba, stoo, majiko na mashua za kuokolea watu. Nahodha aligeuza meli ikarudi njia ileile, na meli nyingine mbili zikaja kusaidia. Hawakupata hata kandambili.

Baada ya hapo tulianza kurushwa huku na huku kama mpira. Meli ilisajiliwa nchi moja, kampuni iko nchi ya pili, maji yale yalikuwa ya nchi ya tatu au hayakuwa ya mtu yeyote, na sisi ni wa nchi ya nne. Polisi wa kila mahali walitusikiliza kwa adabu kisha wakatuelekeza kwa wenzao. Kampuni iliandika barua yenye neno "yaelekea". Yaelekea binti alianguka. Yaelekea kwa hiari yake. Mama aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akaanza kusugua sakafu ya jikoni aliyokuwa ameisugua asubuhi.

Nyumbani hakuna aliyeweza kukaa. Baba alikula amesimama, sahani mkononi, akizunguka meza. Alikuwa akianza kazi ya mteja, anaiacha katikati, anatoka nje, anatazama barabara upande huu na upande ule, anarudi, hakumbuki alikuwa anatafuta bisibisi gani. Mimi nilichonga funguo ambazo hazikufungua kitu. Mteja mmoja alirudi mara tatu na ufunguo uleule, na mara ya tatu hakugomba, aliniangalia tu akaondoka nao vilevile. Simu ikiita, wote watatu tulisimama kwa pamoja.

Mwezi wa nne tangu apotee, baada ya wakili wetu kuandika na kuandika tena, kampuni ilitutumia karatasi moja. Milango ya vyumba melini hufunguliwa kwa kadi, na kila kitasa hutunza kumbukumbu ya kadi iliyokifungua kutoka nje, na saa. Walitupa ukurasa wa asubuhi ile, na ulikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza: saa mbili na dakika arobaini, kadi ya mhudumu wa usafi. Wa pili: saa tatu na dakika hamsini na mbili, kadi namba mbili ya chumba. Kadi namba moja ilikuwa ya Chiriku. Kadi namba mbili ilikuwa ya mama mdogo. Tuliomba picha za kamera za asubuhi nzima, wakajibu kwamba walihifadhi kipande kile kimoja cha Chiriku, vingine vilifutika vyenyewe baada ya wiki mbili, ndivyo mtambo ulivyo. Saluni nayo haikuandika saa ambazo wateja waliingia na kutoka.

Baba aliisoma karatasi ile usoni na mgongoni. Kisha akanituma nikamwite mama mdogo.

Alikuja Jumapili, amevaa kitambaa kichwani, maana nywele alizosukwa siku ile alizifumua melini na hakusuka tena. Baba aliilaza karatasi mezani.

"Shemeji, saa tatu na dakika hamsini na mbili ulikuwa wapi?"

"Saluni. Mnajua."

"Na kadi yako?"

"Kwenye mkoba."

"Na mkoba?"

"Mapajani, shemeji. Niliondoka saluni saa tano kasoro, nikarudi chumbani, nikamkosa. Nimeshasema."

"Hapa hakuna saa tano kasoro." Baba aliweka kidole kwenye mstari wa pili. "Hapa pana saa tatu na dakika hamsini na mbili. Dakika ishirini na moja baada ya mtoto kutoka, ulifungua ule mlango."

Mama mdogo aliivuta karatasi, akaitazama muda mrefu. Akasema hata ule mstari wa kwanza si kweli. Saa mbili na dakika arobaini yeye na Chiriku walikuwa ndani na magauni ya kulalia wanakunywa chai, na hakuna mhudumu aliyeingia. Badala ya kumsaidia, maneno hayo yalimzamisha. Sasa alikuwa amepingana na karatasi mara mbili.

"Kitasa hakina sababu ya kumsingizia mtu," baba alisema.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi. Aliuliza kitu kimoja tu, kama wamegombana na mtoto. Mama mdogo alisema hapana. Mama aliinuka akaenda chumbani, na toka siku hiyo hakusema na mdogo wake. Wakikutana msibani au sokoni, alinielekezea mimi maneno: mwambie mama yako mdogo apishe, mwambie kiti kile hapo.

Nataka nimtendee baba haki. Hakuwa anamwonea kwa raha. Mstari ule ulikuwa kitu pekee tulichokuwa nacho. Kama mama mdogo alirudi chumbani na anaficha, basi kuna jambo la kufichwa, kuna mtu anayejua, na ipo siku atasema. Baba alikuwa akiniambia hivyo dukani, mara kwa mara, huku akifungua na kufunga kitasa kilekile kwenye jiliwa. Anajua kitu. Lazima anajua kitu. Bila hilo tungebaki na ngazi na bahari.

Mama mdogo nilikuwa nikimtembelea kisirisiri. Mwanzoni aliapa. Baadaye aliacha kuapa, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Siku moja nilimkuta amekaa sakafuni, amezungukwa na madaftari ya zamani ya kazi.

"Mwanangu, nimeandika saa na dakika ya kila mtoto niliyemzalisha," aliniambia. "Sikuwahi kukosea. Wewe nakukumbuka, saa kumi na moja na dakika tano. Lakini siku ile sasa siijui. Labda nilirudi. Labda nilisahau kitu nikarudi, nikamwona, nikamwambia neno baya, na kichwa changu kimelifuta. Inawezekana?"

Nilimwambia haiwezekani. Lakini na mimi nilikuwa nimeiona karatasi.

Mwaka ulipotimia baba alikata kauli. Alisema anapanda meli ileile, njia ileile, akaone mlango kwa macho yake. Mama alikataa kwenda. Alisema miguu yake haikanyagi chombo kile. Nikaenda mimi. Tulifunga duka, tukabandika karatasi kwamba Fundi amesafiri, na mtaa mzima ulijua amekwenda wapi.

Tulipewa chumba ghorofa ya nane, milango mitatu kutoka kile. Katika kile walikuwamo mzee na mkewe, watu wachangamfu, ambao kila asubuhi walimsalimia baba na kushangaa kwa nini anapita mlangoni kwao mara nyingi vile. Watu wote melini walikuwa wamelala kwenye viti wakipunga upepo. Baba alitembea. Alizunguka sitaha kwa viatu vyake vya kazini mpaka wahudumu wakampa jina, walimwita Doria. Nami nikimfuata nyuma, nikitazama kila binti mwenye gauni la njano kana kwamba mwaka mzima angekuwa humo anajificha.

Siku ya tatu tulimpata mhudumu wa vyumba. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwembamba, anasukuma kitoroli cha mashuka, na baba alipomtajia namba ya chumba alishtuka akatazama huku na huku. Walikuwa wamekatazwa kuzungumza habari ile na abiria. Baba hakumbembeleza. Alimwambia yeye ni nani, basi. Mwanamke yule akaingia chumbani kwetu, akaacha mlango nusu wazi kama kanuni inavyotaka, na akaanza kutandua kitanda ambacho tayari alikuwa amekitandika.

Alimkumbuka Chiriku vizuri. Kila asubuhi alikuwa akisimama naye dakika mbili tatu, anamuuliza habari za watoto wake kwa majina. Na asubuhi ile alikutana naye pale kwenye kona, penye stoo ya mashuka, karibu na ngazi.

"Aliniuliza mtandao wa simu unapatikana wapi kabla hatujafika nchi kavu," alisema. "Nikamwambia sisi wafanyakazi huwa tunapanda juu, nyuma kabisa ya meli, wakati mwingine unakamata. Akasema anataka kumpigia Fundi. Nikadhani ni mchumba wake, nikamtania. Alicheka sana."

Baba alikaa kitandani juu ya shuka lililokunjwa.

"Fundi ni mimi," alisema.

Yule mwanamke aliacha mikono yake ikaning'inia. Alisema aliwaeleza maofisa usalama wa meli haya yote siku ileile, nao wakamuuliza kama huwa anakunywa pombe. Kisha akasema lililokuwa linamtafuna: kwamba yeye ndiye aliyemwelekeza. Mwaka mzima amekuwa akipita kwenye kona ile mara ishirini kwa siku.

Simu ya baba haikuita asubuhi ile. Najua, kwa sababu ilikuwa kwenye kaunta, mbele yangu, nami nilikuwa naitumia kama kikokotoo.

Hata hivyo, baba aliikumbuka karatasi yake. Aliitoa mfukoni mwa shati. Alimuuliza yule mhudumu, kwa upole, kwa nini basi aliingia kusafisha saa mbili na dakika arobaini wakati abiria wako ndani.

"Sikuingia, mzee. Zamu yangu inaanza saa tatu. Niliingia baada ya kuagana na binti, dakika chache hivi. Tatu na arobaini, hapo."

"Karatasi inasema mbili na arobaini."

"Mbili na arobaini nilikuwa kantini nakula, na wenzangu saba."

Alipoondoka, baba alibaki anazunguka chumba ambacho hakikuwa na nafasi ya kuzunguka. Sasa karatasi ilikuwa imewafanya wanawake wawili kuwa waongo, na hawa wawili hawakuwahi kuonana kupanga.

Tulipanda nyuma ya meli, juu kabisa. Palikuwa na kibaraza cha chuma, mnyororo mwembamba wenye kibao cha kuzuia abiria, na ukingo ulionifika kifuani. Upepo ulikuwa mkali. Baba aliinama juu ya ukingo kutazama povu chini, na mimi nikamshika shati kwa nyuma, kwa mikono miwili, mpaka vidole vikafa ganzi. Mtu haanguki pale bila kupanda, na Chiriku aliogopa hata ngazi ya dukani ya kufikia rafu ya juu. Wala hatujui kama alifika pale. Nilitoa simu yangu. Mtandao haukuwapo, ukaja kidogo, ukaondoka.

Siku ya nne kadi yangu iligoma mlangoni. Mapokezi wakamtuma fundi wa meli, mwanamume mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaja na kifaa cha mkononi chenye waya. Alikichomeka chini ya kitasa, na baba akachutama pembeni yake. Mafundi wakikutana hawahitaji kutambulishwa. Baba ni mtu wa funguo. Vitasa vya kadi alivijua kwa mbali tu, na alimuuliza yule bwana kama mwanafunzi anavyouliza. Betri inakaa muda gani. Kumbukumbu inabeba mistari mingapi. Saa yake inatoka wapi.

"Saa ni yake mwenyewe," fundi alisema. "Hivi vya zamani havijaunganishwa na kitu. Kila mlango na saa yake humo ndani. Ndiyo adhabu yetu, mzee. Meli ikivuka mpaka wa saa, watu wanasogeza mishale ukutani usiku, asubuhi wameshasahau. Sisi tunapita na hiki kidude mlango kwa mlango. Milango elfu moja na mia mbili."

"Mnamaliza lini?"

"Tukijitahidi, siku tatu. Tunaanzia chini."

"Na ghorofa ya nane?"

"Ya nane huwa siku ya pili jioni, au ya tatu."

Baba aliweka kiganja kwenye mlango. Nilimwona anahesabu, na mimi nikahesabu pamoja naye, kwa sababu safari ilikuwa ileile na saa zilikuwa zilezile: kwa ratiba, usiku wa siku ya tano meli huvuka mpaka wa saa, na saa husogezwa mbele kwa saa moja. Chiriku alipotea asubuhi ya siku ya sita. Asubuhi ile, kitasa cha chumba chao kilikuwa bado kinaishi katika saa ya jana. Kilipoandika mbili na arobaini, ilikuwa tatu na arobaini, mhudumu anaingia kusafisha. Kilipoandika tatu na hamsini na mbili, ilikuwa nne na hamsini na mbili. Saa tano kasoro. Mama mdogo anarudi kutoka saluni na nywele mpya, kama alivyosema tangu siku ya kwanza.

Fundi wa meli aliuliza kama mzee anaumwa. Nilimwambia ni joto.

Tulipofunga mlango baba alisema, "Nilimwita mwongo kwa sababu ya saa ya betri." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Basi hakuna aliyerudi."

Hapo ndipo na mimi nilipoelewa alichokuwa amekipoteza. Mstari ule ulikuwa mlango wetu. Nyuma yake palikuwa na siri, na siri ina mwenyewe. Sasa palikuwa na binti aliyepinda kona akicheka, basi, hakuna mtu nyuma yake. Siku nne zilizobaki baba aliuliza kila mfanyakazi aliyekubali kusimama, mpishi, mpiga rangi, mwanamuziki, na wote walijibu kwa huruma na hakuna aliyekuwa na neno.

Tuliporudi hakupitia nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo, na masanduku yetu. Alifungua mlango, akaona sura ya baba, akashika fremu.

Baba alimweleza akiwa amesimama. Habari ya saa, habari ya betri, habari ya milango elfu moja na mia mbili. Alieleza vibaya, akarudia mara mbili. Mwisho alisema, "Shemeji, nimekukosea. Nilikuwa na fani yangu na macho yangu, na sikuuliza swali ambalo hata mwanafunzi wangu angeuliza. Sijui unisamehe vipi, lakini nimekuja."

Nilidhani mama mdogo atalia, au atamfukuza. Aliuliza, "Kwa hiyo sikumwona tena?"

"Hukumwona."

"Sikumwambia neno lolote."

"Hukumwambia."

"Mara ya mwisho nilimwambia aniletee embe moja akipita kwenye meza ya matunda," alisema. "Basi. Hilo ndilo neno la mwisho." Akaketi kwenye kizingiti, na baba akaketi naye. Ndiyo mara ya kwanza kwa mwaka mzima nilimwona baba amekaa bila kuinuka tena mara moja.

Kwa mama haikuwa rahisi hivyo. Baba alipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuanua nguo. Siku tatu hakusema lolote. Ya nne alinituma, kama kawaida, nikamwambie mama yangu mdogo aje. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema niache, atakwenda mwenyewe. Alikaa huko mpaka jua linazama. Sijui walisema nini na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba walirudi wamebeba beseni la nguo pamoja, kila mmoja na mkono wake, na walikuwa wanabishana kuhusu sabuni.

Wakili aliiandikia kampuni. Baada ya miezi mitano ilikuja barua ya mistari minne. Walikiri kuwapo kwa "tofauti ya saa katika kifaa husika". Tofauti hiyo, waliandika, haibadilishi hitimisho. Jina la mama mdogo halikutajwa, wala la yule mhudumu, ambaye tulikuja kusikia hakuongezewa mkataba. Baba alimtafuta na kumpata. Bado huwa wanasalimiana kwa simu. Jalada la polisi liko wazi, maana yake liko kwenye rafu. Sheria inasema ikitimia miaka saba tunaweza kuomba hati ya kifo. Imebaki miaka mitatu, na nyumbani hakuna anayeitaja hesabu hiyo.

Watu huandika. Tangu picha ya Chiriku ilipowekwa mtandaoni, hawaishi. Wengine wanatia chumvi, wengine wana nia njema na macho mabovu. Baba huenda kote. Siku hizi mama mdogo huenda naye, na mimi ndiye dereva.

Mwezi uliopita aliandika dereva wa lori: katika mji fulani, mwendo wa saa sita kutoka kwetu, kuna binti anauza kwenye duka la mikate, sura ni ile, na anaongea sana. Baba aliposomewa maneno hayo ya mwisho alikuwa ameshavaa koti. Tulifika saa nane mchana. Duka lilikuwa dogo, joto la tanuri linakupiga usoni toka mlangoni. Binti alikuwa nyuma ya kioo, anawaeleza wateja watatu kwa mpigo habari za jirani aliyeoza meno, na wateja wanacheka. Alikuwa mrefu kuliko Chiriku. Pua haikuwa ile. Tuliona wote kwa pamoja, kabla hata mlango haujafunga nyuma yetu.

Akatuuliza tunataka nini. Baba alisema mkate. Akauliza mkate gani, na baba akabaki anamtazama mdomo. Mama mdogo ndiye aliyesogea akamweleza kwa maneno machache tumetoka wapi na tunamtafuta nani. Binti alipangusa mikono kwenye aproni, akatoa mikate miwili iliyokuwa imetoka tanurini sasa hivi, akaifunga kwa karatasi, akatuletea mpaka kwenye gari, na akasimama dirishani upande wa baba bila kujua aseme nini, mpaka wateja wakamwita.

Tuliingia barabarani. Mama mdogo akafungua karatasi, mvuke ukajaa garini, akamega akampa baba, akamega akanipa mimi mdomoni kwa kuwa nilikuwa nimeshika usukani. Ulikuwa mzuri. Baba alitafuna taratibu, akala na kipande cha pili. Kisha akaikung'uta suruali, akatoa daftari, akavaa miwani, akaniuliza kama tukipinda kushoto pale mbele tutaufikia mji wa jirani kabla maduka hayajafungwa, kwa sababu na huko pia kuna mtu aliyeandika.

Nikapinda.